Pankeki za Ufuko wa Nyasa: Maana Nyingi za Neno Moja

 

Mada niliyopewa ni neno la Kiingereza ambalo watoto wetu hukutana nalo katika vitabu vya hadithi wakiwa bado wadogo: pankeki. Mtoto akimuuliza mwalimu maana yake, hujibiwa kwamba ni chapati ya maji, na somo linasonga mbele. Jibu hilo halina kosa, ila linafunga mlango mapema mno. Kwa Mwingereza neno hilo ni chakula, ni siku katika kalenda ya Kanisa, ni poda ya uso, ni namna ndege inavyotua vibaya, ni aina ya barafu, ni kobe anayeishi katika mawe ya nchi yetu, na ni neno ambalo wahandisi hulitamka ghorofa likiporomoka na kuua watu. Yote hayo nitayagusa, mengine kwa kupita tu. Sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia hapa ziwani, kwa sababu ufuko huu, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, na ng'ambo hadi Likoma na Nkhata Bay, una pankeki zake wenyewe, na majina yake yanazidi kututoka midomoni.

Nianze na chakula chenyewe. Waingereza waliunganisha jina la kikaango na jina la keki zaidi ya miaka 500 iliyopita, wakapata neno moja. Kinachoitwa hivyo ni unga uliokorogwa na maji au maziwa ukawa rojo, ukamiminwa juu ya chombo cha moto, ukaiva kwa dakika chache. Hakihitaji tanuri. Penye moto, unga na kipande cha chuma au cha udongo kilichopata joto, chakula hiki hutokea, na ndiyo maana karibu kila taifa linacho. Warusi wana blini. Waethiopia wana injera ya unga wa teff, rojo lake huachwa lichachuke siku kadhaa kwanza. Wasomali wana anjera. Zanzibar peke yake ina familia nzima: vibibi vya unga wa mchele na tui la nazi, chila, mkate wa maji, mkate wa kumimina. Ukimweleza mama wa Unguja kwamba vyote hivyo kwa Kiingereza ni pankeki, atakushangaa, maana kwake kila kimoja kina rojo lake, moto wake na saa yake ya kuliwa.

Kwetu Liuli neno hili lina njia nyingine ya kuingilia, nayo ni Kanisa. Mji huu umelelewa na misheni ya Kianglikana ya UMCA, na padri William Percival Johnson, aliyezunguka ziwa hili kwa miongo mingi, alifariki mwaka 1928 na kaburi lake liko hapa kwetu. Huko misheni ilikotoka, Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu ni siku ya pankeki. Zamani mfungo wa Kwaresima ulikataza mayai, maziwa na siagi pamoja na nyama, kwa siku 40. Mama wa nyumba aliyekuwa na mayai kikapuni na maziwa mtungini ilimbidi ayamalize kabla ya Jumatano, na njia rahisi ilikuwa kuyakoroga na unga na kukaanga. Katika mji wa Olney, Uingereza, wanawake hushindana mbio siku hiyo kila mmoja akiwa na kikaango mkononi, na mapokeo ya mji huo yanasema mbio hizo zilianza mwaka 1445. Tangu mwaka 1950 wanashindana kwa saa na wanawake wa mji wa Liberal, Kansas, Marekani.

Jumatano ya Majivu ilifika huku na ikashika mizizi. Jumanne ya pankeki haikushika, na sababu naiona wazi. Nyumba ya mvuvi wa Nyasa haikuwa na siagi wala maziwa ya kumaliza. Chakula chake cha kila siku kilikuwa ugali wa muhogo na samaki, na mfungo wa Kizungu ulikuwa umepangwa kwa ghala la mkulima wa Ulaya. Nasema hivi bila kumlaumu mtu. Desturi ya chakula hailetwi kwa meli peke yake, inataka kukuta unga na mafuta yanayolingana nayo.

Maana nyingine zote za neno hili zinatokana na umbo. Pankeki ni bapa, basi kila kilicho bapa kikaitwa hivyo. Mwaka 1938 kampuni ya Max Factor ya Marekani ilianza kuwauzia watu wote poda ngumu iliyoshindiliwa katika kikopo bapa, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya waigizaji wa filamu za rangi, na jina lake la biashara likawa Pan-Cake. Marubani husema hivyo ndege ikishuka kwa tumbo bila kuteleza mbele. Mabaharia wa bahari za kaskazini huliita hivyo barafu changa linapojikusanya katika visahani vya duara vinavyogongana kingo. Hayo yanatosha.

Kobe anastahili zaidi ya sentensi moja, kwa sababu ni wetu. Anaishi Kenya na Tanzania, na wachache Zambia, katika vilima vya mawe vya nyanda kavu. Mtaalamu Siebenrock alimweleza kisayansi mwaka 1903, na jina lake la kitaalamu likamkumbuka Gustav Tornier, Mjerumani. Gamba lake ni jembamba na linanepa. Akiona hatari hajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine: hukimbia, na hukimbia kwa kasi kweli, akajipenyeza katika ufa wa jiwe ambamo hata mkono wa mtoto hauingii. Hutaga yai moja moja. Uzazi huo mdogo, pamoja na watu wanaomtoa maweni ili wamuuze ng'ambo kama mnyama wa kufuga, umemfikisha pabaya, na mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kuzuia kabisa biashara yake ya kimataifa. Mnyama aliyeumbwa hivyo ili apite kwenye ufa, Mwingereza alipomtazama aliona kifungua kinywa chake.

Msicheke haraka, maana kila mtu hufanya hivyo. Mjerumani alipoingia katika ghuba yetu na kuuona mwamba wa Pomonda, alimwona sfinksi wa Misri, yule simba mwenye kichwa cha mtu, akaiita bandari hii Sphinxhafen. Ndilo jina lililokuwa kwenye ramani tarehe 13 Agosti 1914, siku meli ya Waingereza Gwendolen ilipoivamia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, na nahodha wake hajui hata kama vita vimeanza. Wazee wetu hawakuwahi kumwona sfinksi, na waliokimbilia Pomonda nyakati za hatari waliuita mwamba ule kwa jina lake. Mtu hukipa kitu kigeni jina la kitu cha kwao. Shida huanza pale mwenyeji anapoacha jina lake na kulishika la mgeni.

Kuna maana moja ya pankeki ambayo siwezi kuipita mbio, kwa sababu imetuua. Wahandisi na waokoaji hulitumia neno hili kwa jengo la ghorofa linaloanguka sakafu juu ya sakafu. Kila sakafu ya zege hubebwa na nguzo. Nguzo za chini zikiwa dhaifu, kwa saruji iliyopunjwa, nondo nyembamba, au sakafu zilizoongezwa juu ya mpango wa awali, nguzo moja ikikatika mzigo wake huhamia kwa jirani zake. Nazo zikishindwa, sakafu ya juu huangukia ya chini yake, mbili huangukia ya tatu, na katika muda wa kuvuta pumzi chache jengo zima limelala tabaka juu ya tabaka. Waokoaji huogopa anguko la namna hii kuliko mengine, kwa sababu baina ya tabaka na tabaka hubaki nafasi ndogo sana ya mtu kubaki hai.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaanguka asubuhi watu wakiwa kazini, wakafa zaidi ya 20. Hapa Liuli hatuna maghorofa, lakini vijana wetu wako Dar es Salaam, kwenye majengo hayo hayo, wakibeba zege na kuuza katika maduka ya chini. Magazeti yakiandika kwamba jengo limekuwa kama chapati, mwandishi huona amepata tamathali nzuri. Mimi ningependa tamathali hiyo iachwe kwa unga, na habari iseme nguzo zilikuwa na unene gani, nani alikagua, na nani alitia saini.

Sasa turudi jikoni, tena jiko la hapa ufukoni.

Alfajiri, kabla mitumbwi ya usipa haijarudi, utamkuta mama ameshawasha moto. Bakuli lake lina unga wa ngano, chumvi na maji, kitunguu kilichokatwa vipande vidogo, na yai kama siku ni nzuri. Anakoroga kuelekea upande mmoja mpaka madonge yote yaishe. Akiinua mwiko, rojo lazima litiririke kama uzi usiokatika. Likidondoka matone, ni zito, anaongeza maji. Kikaango kikishapata joto anakipaka mafuta kidogo, anamimina upawa mmoja katikati, kisha anakiinamisha na kukizungusha mkononi ili rojo litambae hadi ukingoni. Hapo hagusi. Anasubiri uso ukauke, vitundu vidogo vitoboke, kingo zianze kujiinua zenyewe, ndipo anageuza. Ya kwanza mara nyingi hupasuka, na watoto huisubiri hiyo. Wavuvi wakifika na baridi ya ziwa mwilini, wanapata chapati mbili na chai ya rangi, wakiwa bado wamesimama kando ya nyavu.

Hii ndiyo chapati ya maji, na jina lake lenyewe lina historia. Chapati ni neno la Kihindi, limetokana na kitendo cha kubamiza unga kwa viganja. Wahindi walifanya biashara pwani yetu kwa karne nyingi, na kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua wao wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Chakula chao kikatapakaa Afrika Mashariki yote. Nchini Kenya chapati imekuwa chakula cha Krismasi. Kampala wameikunja na mayai ndani wakaiita rolex, jina lililotokana na kutamka haraka maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa. Hiyo ndiyo chapati ya kusukuma, ya kukanda, kupaka mafuta, kuviringa na kusukuma juu ya kibao. Lakini ya maji haikandwi wala haisukumwi. Kwa utengenezaji ni ndugu wa vibibi na pankeki kuliko wa chapati ya Mhindi. Tulichofanya ni kuchukua jina la mgeni mmoja tukampa mgeni mwingine, na likakaa.

Hilo si dhambi. Hata hivyo jina chapati limekuwa na nguvu kiasi cha kumeza mengine. Siku hizi kila kitu bapa cha unga kinaitwa chapati, na kijana wa Liuli anaweza kumaliza kidato cha sita bila kujua kwamba bibi yake alikuwa na majina manne kwa vitu vinne.

Chukueni kitumbua. Mtu wa Tanga au Unguja akisikia neno hilo anaona kitu kimoja tu: mchele ulioloweshwa, ukasagwa, ukachanganywa na tui, hamira, sukari na iliki, ukachomwa katika karai lenye mashimo hadi uumuke na kuwa mviringo. Kitumbua ni riziki hasa, hadi Waswahili wakikosa bahati husema kitumbua kimeingia mchanga. Vukeni ziwa sasa, mwende Nkhata Bay au Likoma. Huko pia wanauza zitumbuwa, jina lile lile likiwa limevaa kiambishi cha Kinyanja. Lakini ukinunua utapata ndizi mbivu zilizopondwa, zikachanganywa na unga wa mahindi na kukaangwa kwa vijiko kwenye mafuta. Hakuna mchele, hakuna nazi, hakuna iliki. Mandazi nayo yamevuka yakawa mandasi.

Katika Kinyanja cha ng'ambo na Kiswahili cha huku jina limebaki, chakula kimebadilika, na nani atasema kipi ni cha kweli? Jina lilisafiri kwa njia za misafara na majahazi kutoka pwani ya bahari hadi pwani ya ziwa. Nazi ziliisha njiani. Mchele ulikuwa wa wachache. Ndizi zilikuwapo, mahindi yalikuwapo, na mwanamke wa ziwani akaweka alivyokuwa navyo ndani ya jina alilolisikia. Waganda wamefanya kitu kinachokaribiana na hicho: ndizi tamu ndogo zilizopondwa pamoja na unga wa muhogo, zikakandwa, zikakatwa bapa na kukaangwa, wakaziita kabalagala. Kuna hata kitongoji cha Kampala chenye jina hilo. Ndizi mbivu na muhogo, vyote viwili vimejaa hapa Liuli. Nitalirudia jambo hili muda si mrefu.

Kwanza nizungumzie pankeki ya ziwa hili ambayo haina unga hata chembe.

Nyinyi mnaoishi hapa mnaujua ule moshi unaosimama juu ya maji siku za mwezi mchanga. Mgeni akiuona kutoka kilimani hudhani meli inaungua. Ni kungu, nzi wadogo wa ziwa, mamilioni kwa mamilioni, wanapanda kwa nguzo ndefu, wanayumba na upepo, na pengine upepo ukigeuka wanaletwa nchi kavu, wakafunika miti, kuta na nguo zilizoanikwa. Hawaumi. Wanasayansi wanawaita Chaoborus edulis, na sehemu ya pili ya jina hilo ni Kilatini chenye maana ya kinacholiwa. Nadhani ni wadudu wachache sana duniani waliopewa heshima ya kuandikishwa kama chakula katika jina lao la kitaalamu.

Maisha yao ni ya ajabu. Ziwa letu lina kina cha mita 700 hivi, na ukishuka chini ya mita 250 hivi hakuna tena hewa ya oksijeni, hakuna samaki anayeweza kukaa. Viluwiluwi wa kungu, wanaopitisha mwanga kama kioo, hushinda mchana kwenye giza la chini, karibu na mpaka huo, mahali ambapo samaki wanawafikia kwa shida. Usiku hupanda juu kuwinda vijidudu vidogo zaidi. Samaki nao huwawinda wao. Kisha, karibu na mwezi mwandamo, wanageuka nzi na kutoka majini kwa pamoja, wanapandana, wanataga na kufa. Yaani lile wingu unaloliona ni utajiri wa kina cha ziwa umepanda juu wenyewe, bila nyavu na bila mafuta ya injini.

Watu wa ziwa hili walijua la kufanya. Wingu likifika ufukoni, kina mama na watoto hutoka na vikapu, masufuria na nyungo zilizoloweshwa, wakavizungusha hewani. Nzi wananasa kwenye unyevu. Wanakwanguliwa, wanapondwa pamoja mpaka washikane, kisha wanafinyangwa kuwa mikate bapa, myeusi, wakaanikwa juani au wakapikwa. Mkate wa kungu unakaa. Unavunjwa kipande, unaingia kwenye mboga, na nyumba imepata kitoweo siku ambayo ziwa limechafuka na mtumbwi hautoki. Una protini nyingi, na hakuna senti iliyotoka mfukoni.

David Livingstone alipopita upande wa magharibi wa ziwa mwaka 1861, aliona mawingu hayo na akapewa mkate wa kungu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1865 aliueleza: unene wake, weusi wake, na ukubwa wake ambao aliulinganisha na kofia ya mkulima wa kwao Uskoti. Ladha yake aliifananisha na mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi, yale ambayo matajiri wa Ulaya huyanunua kwa bei ya dhahabu. Naye alifanya kama Mjerumani wa Sphinxhafen, akatafuta cha kwao. Ila Livingstone aliliandika jina lenyewe, na kwa sababu hiyo vitabu vya Kiingereza vya wadudu na vya mapishi vimelihifadhi neno kungu hadi leo. Neno hilo lina uhusiano na ukungu wa Kiswahili na nkhungu ya Kinyanja, ile hali ya hewa kuziba. Aliyelibuni alikuwa amesimama ufukoni akitazama maji.

Vijana wengi siku hizi huona haya kuutaja mkate wa kungu mbele ya mgeni. Haya hiyo inaniuma. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 2013 kitabu kizima kuhusu wadudu wanaoliwa, likiwahimiza walimwengu waanze kuwafikiria kama chakula. Mataifa yanayofuga wadudu katika viwanda yanatafuta kitu ambacho sisi hushushiwa na upepo. Mhaya haoni haya kwa senene. Senene wa Bukoba huuzwa mjini kwa fahari, tena kwa bei kali. Kungu wana kosa gani?

Niliahidi kurudi kwenye muhogo na ndizi. Unga wa ngano unaotengeneza chapati zetu haulimwi hapa. Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa Tanzania hununuliwa nje, na mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya unga ilipanda hadi vibanda vya Songea na Mbinga. Kwetu unafika ukiwa umelipiwa meli, kinu, lori na barabara. Mama wa chapati alipunguza ukubwa, au akapandisha bei, au akaacha. Wakati huo huo makopa yalikuwa yameanikwa juu ya mawe ya ufuko, meupe, mita chache kutoka kwenye jiko lake.

Rojo la unga wa muhogo peke yake halishikani vizuri, kwa kuwa muhogo hauna ile gluteni inayofanya ngano ivutike. Linapasuka wakati wa kugeuza. Dawa yake wanaijua Waganda na wanaijua watu wa ng'ambo: ndizi mbivu iliyopondwa, ambayo hushika unga na kuutia utamu bila sukari, au yai moja. Changanya nusu ngano nusu muhogo, na hata mlaji mkaidi hatalalamika. Moto uwe wa wastani, maana sukari ya ndizi huungua upesi.

Hapa kuna jambo la afya ambalo lazima liende pamoja na mapishi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Wazee wetu waliuloweka siku tatu au zaidi, wakaumenya, wakauanika, na hawakufanya hivyo kwa kupenda kazi. Miaka ya ukame muhogo huzidi kuwa mchungu na watu wenye njaa hupunguza siku za kuloweka, ndipo huja ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watoto na kina mama vijana bila kupona. Kusini mwa Tanzania umeshatokea. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia alieneza njia rahisi ya kuongeza usalama wa unga: uloweshe unga kwa maji kidogo, utandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, uache juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu iliyobaki huondoka hewani. Kisha upike siku hiyo hiyo. Mama yeyote anayetaka kuuza chapati za muhogo aifuate njia hii hata kama muhogo wake ulilowekwa, kwa sababu anawalisha watoto wa wenzake.

Walimu, nina ombi kwenu. Mtoto akiuliza tena pankeki ni nini, msimjibu kwa neno moja. Mtumeni nyumbani na daftari. Aulize kila kitu bapa kilichopikwa katika nyumba ile tangu bibi alipokuwa msichana: kiliitwaje kwa Kimanda, kwa Kimpoto, kwa Kinyanja, kwa Kimatengo, kilikuwa cha unga gani, kilipikwa juu ya nini, kililiwa lini, na nani katika kijiji bado anajua kukipika. Aandike jina kama linavyotamkwa, bila kulinyoosha liwe Kiswahili sanifu. Mkipata madaftari thelathini kutoka shule moja, mtakuwa na kitu ambacho hakuna kamusi iliyonacho.

Na nyinyi kina mama, mwezi mchanga ukifika na moshi ule ukasimama juu ya maji, waiteni watoto wa shule watoke na nyungo pamoja nanyi, na mkate wa kungu mkiuanika, waambieni majina ya kila hatua wakiwa wanaangalia. Madaftari yakishajaa, yaleteni hapa Liuli tuyasome pamoja.